Dresa la jalalani, mafundi wawili na nyota zangu nne

Niliahidi nitaandika kuhusu dresa langu na karakana iliyolifufua baada ya kulitumia miezi mitatu, sio siku ile linashushwa kwenye gari, maana siku ya kushushwa kila fanicha inapendeza na kila fundi ni malaika. Sasa miezi mitatu imepita na ushee kwahiyo naongea nikiwa na ushahidi. Karakana naipa nyota nne. Ingekuwa tano, nitasema ile moja imekatika wapi, ila kwanza niwaeleze dresa lenyewe lilipotoka manake bila hiyo stori hamtaelewa hawa watu wamenifanyia kazi gani.

Dresa niliokota. Ndio, niliokota, sioni aibu. Watu walikuwa wanahama wakaliacha nje pembeni ya pipa la taka, kioo kimepasuka katikati, mguu mmoja unacheza kama jino la mtoto, droo ya chini imekwama haitoki wala haiingii, na mvua hiyo inataka kunyesha. Nikavuta droo ya juu nichungulie tu. Nikaona pembe zake zimeungwa kwa yale meno yenye umbo la mkia wa njiwa, na meno yenyewe hayalingani, moja nene moja jembamba, na ule mstari aliochora fundi kabla hajakata bado upo kabisa kwenye mbao. Hapo ndo nikajua hiki kitu kimekatwa na mkono wa mtu, mashine inatoa meno yanayofanana kama ya kitana. Nikampigia mdogo wangu nikamwambia njoo na mkokoteni, maswali utaniuliza baadae.

Kosa langu likawa haraka. Nikalipeleka kwa fundi wa kwanza niliyemuona, simtaji na msinifuate inboksi kuniuliza. Akaliangalia kama nusu dakika hivi akasema dada hili tunalipiga nyeupe, siku tatu tu, utasahau lilivyokuwa. Siku tatu kweli, nyeupe kweli, nikapiga picha, watu wakasifia wee. Rangi aliyotumia ni ile isiyong'aa ya kama chokaa, aina ambayo Annie Sloan aliianzisha kule Uingereza mwaka 1990, na sifa yake kubwa ni kwamba unapaka bila kuhangaika sana na msasa wala praima. Na kushika inashika, sikatai. Ila kushika ni jambo moja na kuzuia doa ni jambo lingine. Wiki ya pili naona juu kuna kama mtu kamwaga chai, pinki inayoelekea kahawia, nafuta haifutiki, nikanunua rangi nikapaka koti jingine mwenyewe, siku mbili limerudi vilevile. Kumbe mahogani na miti mingine yenye tanini nyingi, ile kemikali ya asili ya kwenye mbao inayotia doa, ukiipaka rangi ya maji juu kwa juu ile tanini inapanda na unyevu inakuja kutokea usoni, na dawa yake ni kuziba kwanza kwa koti la sheleki, aina ya vanishi ya zamani inayoyeyushwa kwa spiriti, ndo upake nyeupe yako. Hakuziba. Sehemu nyingine rangi ilikimbia ikaacha viduara kama macho ya samaki, hiyo ni silikoni ya zile spreyi za kung'arishia meza, miaka na miaka watu wamepulizia, inatakiwa isafishwe kwanza. Hakusafisha. Droo kazipaka mpaka ubavuni na kwenye reli zikabana mpaka ufungue kwa magoti. Vishikio vya shaba kavipaka humohumo na skrubu zake. Mguu uliokuwa unacheza, misumari minne.

Sasa mnaelewa nilifika karakana ya pili nikiwa kwenye hali gani.

Nilielekezwa na rafiki yangu wa kazini. Ni mama mmoja mtu mzima na vijana wake wawili, eneo sio kubwa, limejaa viti visivyo na miguu na miguu isiyo na viti. Nikamwamkia shikamoo mama, akaitikia marahaba bila kuniangalia, macho yote yako kwenye dresa. Akachomoa droo zile tatu zinazotoka akazipanga chini, akaandika namba kwa chaki nyuma ya kila moja. Akamwambia kijana mmoja walilaze chali. Akainama akanusa. Jamani, alinusa! Halafu akachukua kijiti chenye pamba, akachovya kwenye spiriti, akasugua taratibu chini ya ukingo, sehemu ambayo rangi nyeupe haikufika, akasubiri, akasugua tena. Pamba ikatoka na rangi ya asali na pale mahali pakawa panata kwenye kidole. Akasema, "Sheleki. Kumbe wewe ulipakwa sheleki mwanangu, wamekuja kukufanyia nini hawa." Mimi nikadhani anaongea na mimi nikataka kujibu. Alikuwa anaongea na dresa.

Basi nikasimama pale kama saa nzima kazini nachelewa lakini siondoki. Nikajifunza kwamba spiriti ikilainisha ile ngozi ya juu basi ni sheleki, isipolainisha ukajaribu tina ikalainika ni laka, na vyote viwili vikigoma uko kwenye vanishi ya mafuta au ile ngumu ya poliyurethani. Hiyo ndo inaamua utaondoa vipi na utarudishia nini, kwahiyo fundi anayeanza na msasa kabla ya pamba anabahatisha tu. Na sheleki yenyewe, kwa msiojua, inatoka kwa mdudu. Kuna kadudu kadogo kanakaa kwenye matawi ya miti huko India na Thailand, kanatoa utomvu unagandia kwenye tawi, watu wanakwangua wanasafisha, ukiloweka kwenye spiriti ndo unapata kitu cha kupaka. Nilipomwambia mdogo wangu akasema kwahiyo tumebeba kinyesi cha mdudu kwenye mkokoteni. Sio kinyesi bana, lakini haya.

Kutoa ile nyeupe kulichukua muda kuliko nilivyodhani. Mama hatumii zile dawa kali za kuyeyusha rangi zenye methilini kloraidi, ambazo zinafanya kazi kwa dakika chache na pia zimeua watu wakizitumia bafuni na stoo pasipo hewa, Marekani walizuia zisiuzwe kwa watu wa kawaida mwaka 2019. Yeye anapaka jeli ya polepole, anafunika na nailoni, analala, anaamka anakwangua na kipande cha plastiki ili asichubue mbao. Kwenye fremu ya kioo chini ya nyeupe kulikuwa na kijani, kijani cha zamani kile, na hapo akasimamisha kazi kabisa. Akatoa kipimo cha kusugua, ukisugua kikigeuka pinki au chekundu maana yake kuna madini ya risasi kwenye rangi. Kikageuka. Akawafukuza vijana wote wawili pale, akavaa barakoa ile yenye chujio, na fremu yote akaitoa rangi ikiwa mbichi mbichi kwa jeli, hakuna msasa mkavu hata mara moja, kwa sababu vumbi lake ndo linaloingia mwilini na watoto ndo linawaumiza zaidi. Mimi ile fremu nilikuwa nimepanga kuipiga msasa mwenyewe sebuleni wikiendi ile ili nipunguze gharama. Sebuleni! Na mtoto wa dada yangu anatambaa.

Sehemu iliyonifurahisha zaidi ni mguu. Mimi nilijua gundi ni gundi. Kumbe fanicha nyingi za zamani zimeungwa kwa gundi iliyochemshwa kutoka ngozi na mifupa ya wanyama, na uzuri wake ni kwamba inakubali kurudi nyuma, ukiipa joto na maji inalegea unafungua kiungo bila kuvunja kitu. Gundi nyeupe ya siku hizi ukiimwaga juu ya mabaki ya ile ya zamani haishiki mbao, inashika uchafu, baada ya miezi mguu unaanza tena kucheza, na wengi hapo ndo wanaamua kupigilia misumari kama rafiki yetu wa nyeupe. Mama akang'oa misumari yote minne kwa koleo, aliweka kipande cha bati chini yake ili koleo isitoboe mbao. Akaingiza maji ya moto kidogo kidogo kwa bomba la sindano kwenye ule mwanya, akasubiri, akatikisa, akaongeza. Mguu ukatoka mzima, na ulimi wake, ile ncha inayoingia kwenye kiungo, bado una ile gundi ya kahawia imeng'aa kama karameli. Akasugua kwa kitambaa cha moto mpaka mbao ikaonekana, akaacha ikauke siku nzima, akapaka gundi mpya aina ileile ya ngozi, akafunga klampu. Halafu akachukua uzi. Akapima kutoka pembe hii ya juu mpaka ile ya chini ya upande wa pili, akashika kwa ukucha, akahamisha kwenye pembe nyingine mbili. Ulipungua kama upana wa njiti ya kiberiti. Akalegeza klampu moja, akasukuma, akapima tena. Ukalingana. Akasema pembe zisipolingana sasa hivi droo zako zitagoma maisha yako yote na utamlaumu aliyetengeneza droo.

Juu ya dresa kumbe sio mbao nzima, ni vinia, ule ukurasa mwembamba wa mbao nzuri uliobandikwa juu ya mbao ya kawaida. Vinia za zamani sana zilizopasuliwa kwa msumeno zinakuwa nene kidogo, za mashine ni nyembamba mno, mara nyingi hata milimita moja haifiki, na yule fundi wa kwanza alipitisha mashine ya msasa kwenye kona ikala mpaka chini, kidonda saizi ya kidole gumba. Nilijua hapo basi, itabidi nifunike na kitambaa. Mama akakata kipande cha vinia kutoka nyuma ya dresa lilelile, sehemu inayokaa ukutani hakuna anayeiona, akakikata kwa umbo la almasi sio la mraba, kwa sababu mkato unaopita moja kwa moja kukatiza nyuzi za mbao jicho linauona haraka, ule wa mshazari unajificha. Nikipiga tochi kwa pembeni napaona. Mgeni hajawahi kupaona. Kuna pia duara jeusi la chungu cha maua, hilo ni chuma na maji vimekutana na tanini, alilifanyia kazi kwa asidi ya oksaliki likafifia likabaki kivuli, akaniuliza niendelee? nikasema acha. Nimelizoea, ni kama kovu la chanjo.

Halafu sasa bungua. Ile droo ya chini iliyokwama walipoifungua sakafu yake ni unga mtupu. Matundu madogo madogo ya milimita 1 mpaka 2, na mimi nikaanza kuchanganyikiwa nikaona litakula nyumba nzima. Akaniambia tundu unaloliona ni mlango wa kutokea, aliyekuwa ndani ameshaondoka, swali ni kama kuna wengine bado. Akatandika karatasi nyeusi chini ya dresa akaliacha, kila baada ya siku kadhaa anakagua kama kuna unga mpya mweupe umedondoka. Hii ilikula wiki tatu na hapo ndo uhusiano wetu ulianza kuyumba, maana simu hapokei, meseji hajibu, naenda naambiwa mama katoka. Unga haukudondoka, lakini alitia dawa kwenye mbao zote ambazo hazijapakwa kitu kwa ndani. Sawa. Ila mteja hawezi kujua haya kwa kukaa kimya, mama. Meseji moja tu, "bado tunaangalia karatasi", ningelala usingizi.

Ile droo ikaonekana haifai, ila uso wake wa mbele ni mzima. Hapo ndo akaja na wazo ambalo mimi nisingeliwaza, akalichora kwa penseli nyuma ya kipande cha msasa: uso wa droo uwe mlango wa kushuka chini, bawaba mbili kwa ndani, mnyororo mwembamba pembeni ili usianguke, na nyuma yake nafasi wazi ya kuweka viatu. Kwa nje limebaki dresa la droo nne hakuna kilichobadilika, ukivuta ya chini inainama kama inakusalimia. Fremu ya kioo, bila kioo na bila kijani, aliipaka mafuta ya kitani akaweka kulabu sita, naning'inizia mikufu na funguo. Na hapa niwape tahadhari ya bure kwa mnaojaribu nyumbani: vitambaa alivyofutia yale mafuta alivitandaza kimoja kimoja nje kwenye kamba kama nguo. Ukivikunja ukavitupia kwenye ndoo vinajipasha joto vyenyewe vinawaka moto, hakuna kiberiti hakuna nini. Hiyo sio hadithi, ni mafuta yakikauka yanavuta hewa yanatoa joto, na yakibanana joto halina pa kwenda.

Droo tatu zilizobaki zinateleza mpaka raha. Reli zilikuwa zimelika kwa kusuguana miaka hiyo yote, akabandika vipande vya mbao ngumu, akasugua mshumaa. Mshumaa wa kawaida tu.

Nyota ya tano sasa. Dresa limekuja nyumbani linang'aa ule mng'ao wa sheleki, sio wa kioo, wa kama ngozi iliyopakwa mafuta, nimeliweka chumbani. Siku ya nne nimeweka kikombe cha chai juu, moto, dakika chache tu nikitafuta hereni. Nimenyanyua, duara jeupe. Nikapiga kelele mpaka mdogo wangu akaja na ndoo akidhani kuna moto. Sheleki haipatani na joto, haipatani na maji yakikaa, na spiriti ndo kabisa, maana yake manukato yangu yote ambayo yana spiriti ndani, na dresa ni mahali pa manukato sasa jamani, yatakuwa yanaiyeyusha taratibu kila nikipuliza! Nikarudi kwa hasira zangu zote. Yule mama akasikiliza mpaka mwisho, akaja mwenyewe nyumbani jioni, akalowesha pamba na spiriti kidogo sana, karibu kavu, akapitisha juu ya duara kama anampangusa mtoto usoni, ile ngozi ikalainika unyevu ukatoka, duara likapotea mbele ya macho yangu. Hakuchaji. Akasema uzuri wa sheleki ndo huo, inaumia haraka na inapona haraka, ile ngumu ya kisasa ikiumia unakwangua yote.

Nikamwambia mama naelewa, lakini hukuniuliza. Dresa uliliuliza kila kitu, umelinusa, umelipima, umelitandikia karatasi, mimi ninayelitumia hukuniuliza hata swali moja, naweka nini juu, nina watoto, nakunywa chai wapi. Yule wa kwanza hakuuliza yeyote, wewe umeuliza nusu. Akanyamaza kidogo akasema kweli. Wiki iliyofuata akaniletea sinia la mbao, amelikata kwenye sakafu ya ile droo ya bungua, kaupande kadogo kalikopona bila kuliwa, amelipaka poliyurethani koti tatu, manukato na kikombe vinakaa hapo. Nilitaka kuongeza nyota nikajizuia, kwa sababu sinia limekuja baada ya kelele zangu, na ya simu bado sijasahau.

Kwahiyo kama una kitu cha mbao nzima au cha vinia ya kweli, wapelekee hawa, ila mwambie mwenyewe kabla hajakuuliza utakitumiaje, na mkubaliane ni lini atakupigia. Kama ni chipubodi iliyonyonya maji ikavimba kama mkate kwenye chai, usimsumbue, atakurudisha nayo, mimi nimeshuhudia akimrudisha kaka mmoja na meza yake ya kompyuta mpaka nikamuonea huruma. Na ukipokea rangi au vanishi mpya, ikikauka kidoleni sio kwamba imekomaa, rangi nyingi zinataka mpaka mwezi hivi, usipange vitu vizito siku hiyohiyo vikaganda.

Nina viti viwili vya kukunja nyuma ya mlango, navyo vya kuokota, safari hii mdogo wangu ndo kaviona akanipigia yeye. Nimeshavijaribu na pamba. Spiriti imegoma, tina imegoma.